Sauti ya Mshona Magunia

Majirani wa Nkuhungu walisema Swaumu anazungumza kwa ajili ya watu wawili, naye hakulikataa hilo, maana katika nyumba yake mwenye maneno alikuwa mmoja tu. Halfani, mumewe, aliishi naye miaka thelathini na mmoja, na ukiyakusanya maneno yote aliyoyasema humo ndani hayafikii salamu za mgeni rasmi. Asubuhi alisema, "Nakwenda." Jioni alisema, "Nimerudi." Chakula kikiwa kitamu alisema, "Alhamdulillahi," na kikiungua alisema vile vile. Baada ya swala ya isha alijilaza kwenye mkeka akafumba macho, na Swaumu akamweleza habari za mtaa mzima mpaka mmoja wao apitiwe na usingizi. Siku zote Swaumu aliamini kwamba anayetangulia kulala ni Halfani.

Kazi ya Halfani ilikuwa kushona magunia kwenye soko la Majengo. Zamani, nafaka ilipokuwa ikinunuliwa na serikali peke yake, kazi hiyo ilikuwa ya kubahatisha. Leo ipo, wiki mbili haipo. Biashara ilipofunguliwa, malori ya watu binafsi yakaanza kumiminika kufuata mtama, karanga na alizeti, na kila gunia lililojazwa lumbesa likataka mtu wa kulifunga mdomo. Halfani akashika shazia yake, ile sindano kubwa ya magunia, na hakupumzika tena. Uzi aliusokota Swaumu nyumbani, uzi wa katani, akiuviringisha juu ya paja mpaka ngozi ya mahali pale ikawa ngumu. Nailoni ilipojaa madukani, wenzake Halfani wote wakahamia nailoni. Yeye aliendelea na katani ya mkewe, na hakueleza kwa nini.

Lakini Swaumu hakuwahi kumwona akishona. Halfani hakutaka aende sokoni kule. Alisema, na kwake hii ilikuwa hotuba, kwamba wachukuzi wana midomo mibaya. Basi Swaumu akawa ananunua mboga kwenye genge la mtaani, na kila asubuhi alimkabidhi mumewe kibunda cha uzi mlangoni. Kibunda hicho kilikokwenda alikujua kwa kuwaza tu.

Halfani alifariki siku tatu baada ya Maulidi, mwaka ule wa mvua za El Nino, kwa kifua kilichomlaza siku mbili tu. Swaumu akaingia eda: miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, bila hina, bila manukato, bila kuvuka kizingiti pasipo dharura. Lulu, binti yake mkubwa, aliyekuwa karani mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, alimletea kalenda kubwa ya ukutani. Akahesabu, akaizungushia duara tarehe ishirini ya mwezi wa Novemba kwa kalamu nyekundu. Ndugu wa Kondoa wakaambiwa waje siku hiyo kwa dua na pilau. Swaumu alimwachia binti hesabu hiyo kwa sababu siku zile hata vidole vyake mwenyewe asingeweza kuvihesabu akavimaliza.

Jambo lililomtisha lilimjia katika mwezi wa pili wa eda. Alikuwa amekaa anasokota uzi, ingawa hapakuwa na wa kumpa, huku anamsimulia marehemu habari za jirani aliyegombana na muuza maji. Alipofika mwisho akatega sikio, asikie ile "Mm" ya Halfani ya kuonyesha kwamba habari imepokelewa. Haikuja. Sura aliikumbuka vizuri, mikono aliikumbuka, hata harufu ya katani na jasho. Sauti ndiyo iliyokuwa imekwenda. Akajaribu, "Nakwenda." Akajaribu, "Nimerudi." Yote yalikuja kwa sauti yake mwenyewe. Mtu aliyesema kidogo namna ile alikuwa amemwachia kidogo mno cha kukumbukia, na Swaumu siku hiyo alilia kuliko alivyolia siku ya maziko.

Mwezi wa kumi ukafika, na hodi ikapigwa na Rukaya. Huyu alikuwa msichana wa Majengo, mjukuu wa wenye maduka ya vitambaa wa tangu enzi za misafara, aliyekwenda kusomea sanaa pwani akarudi na kamera ya video begani na suruali iliyowapa watu maneno ya wiki nzima. Kwa kuja msibani alikuwa amevaa baibui, na lilimpwaya; bila shaka la kuazima.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba mwanangu. Nimeshapoa. Karibu mkeka."

Rukaya akakaa. Akakunja ncha ya baibui, akaikunjua. "Mama, mimi nimekuja kukuomba ruhusa. Mzee Halfani ninaye kwenye kanda."

Swaumu akamtazama bila kuelewa, na msichana akaeleza. Mwezi wa sita alikuwa akizunguka sokoni na kamera yake, anapiga picha za video za watu wakiwa kazini, mikono yao zaidi. Mzee Halfani alimruhusu akae pembeni yake mchana mzima. Sasa yeye na wenzake wawili wamepanga chumba kidogo pale Majengo, wanafungua maonyesho. Hakutakuwa na sinema za kupigana kama kwenye mabanda ya video. Kila mmoja atakuwa na televisheni yake, na mbele ya televisheni atafanya kitendo mwenyewe, kwa mwili wake, watu wakimwona. Yeye atakaa chini ya picha ya mzee na gunia tupu mapajani, ashone naye sambamba mpaka mzee amalize.

Swaumu alikuwa na swali moja. "Anazungumza?"

"Anazungumza sana, mama. Anachekesha mno."

"Basi si yeye," Swaumu akasema kwa upole, maana alimhurumia msichana wa watu kwa kupoteza kanda yake. "Umekosea mtu, mwanangu. Wanaoshona pale wako wengi."

"Ana kovu juu ya nyusi hii ya kushoto. Na wenzake wanamtania anunue nailoni, anawaambia uzi wake unasokotwa nyumbani."

Swaumu akaweka chini katani aliyokuwa ameishika. Akasema, "Mwonyeshe. Nimekuruhusu. Ila na mimi nimsikie."

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Maonyesho yalikuwa yafunguliwe tarehe saba Novemba na kufungwa tarehe kumi na sita, na eda ilikuwa iishe tarehe ishirini. Kesho yake baada ya kufunga, Rukaya alikuwa apande basi la Dar es Salaam, na kutoka huko aende nchi za nje alikoalikwa kuionyesha kanda ile ile. Atarudi lini, hakujua. Chumba nacho hakikusogezeka, kilikwisha kukodishwa kwa mtu wa mitumba. Kuleta televisheni na deki Nkuhungu ingekuwa rahisi kama nyumba ingekuwa na umeme, na haikuwa nao. Jirani mwenye umeme alikuwapo, lakini kwenda kwake kutazama picha ni kutoka eda. Lulu akapendekeza wakodi jenereta. Swaumu akakataa: nyumba ya msiba ingurume na kutoa mwanga wa picha dirishani, watu wangesema mjane amefungua banda la video.

"Nitakutolea nakala, mama," Rukaya aliahidi. Swaumu alimshukuru tu. Picha za harusi ya Lulu nazo aliahidiwa nakala, na mpiga picha yule hajaonekana mpaka leo.

Maonyesho yakafunguliwa, na kila alasiri habari zikaletwa na Zaitun, mke wa mwalimu wa madrasa, ambaye ua wake na ua wa Swaumu zilitenganishwa na safu ya minyaa tu. Habari zilikuwa nzuri, na ndizo zilizomuumiza. Siku mbili za kwanza walikwenda wanafunzi wachache na Wazungu wawili. Siku ya tatu mchukuzi mmoja alipita, akachungulia, akakimbia sokoni kuwaambia wenzake kwamba Mzee Halfani yuko mle ndani anapiga soga. Tangu hapo wachukuzi walijaa kila siku saa kumi, wamekaa sakafuni na vumbi lao la mtama, wanacheka.

"Anasema nini?" Swaumu akauliza.

"Sijui, shoga yangu. Wanasema anasimulia hadithi."

"Wewe hujaenda?"

Zaitun akainua bega. "Niende vipi, na wewe umekaa hapa?"

Swaumu akaitazama ile duara nyekundu ukutani. Siku nne. Angekuwa amefiwa siku nne mapema, mawazo yakamjia, na papo hapo akaomba msamaha kwa kuwaza hivyo. Lulu akitoka kazini alimkuta mama yake ameketi pale pale, akampikia chai.

Tarehe kumi na sita, siku ya kufunga, Swaumu alikuwa anachambua mchele. Upande wa pili wa minyaa watoto wa madrasa walikuwa wanarudia kasida, wanakosea pale pale, wanaanza upya. Mwalimu akawakemea: "Someni vizuri. Usiku wa leo ni Miraji, mnataka mniaibishe mbele za watu?"

Mkono wa Swaumu ukasimama ndani ya ungo. Usiku wa leo ni wa kuamkia ishirini na saba Rajabu. Leo, basi, ni ishirini na sita. Akaacha mchele, akanyoosha vidole. Halfani alikufa siku tatu baada ya Maulidi, ndiyo kumi na tano Mfungo Sita. Kumi na tano Mfungo Saba, mwezi mmoja. Mfungo Nane, miwili. Mfungo Tisa, mitatu. Rajabu, minne. Na siku kumi juu yake. Akarudia kwa mkono wa pili. Akarudia tena kwa punje za mchele, akizipanga pembeni ya ungo, maana vidole hakuviamini.

"Zaitun," akaita. "Zaitun, niitie mwalimu hapo kwenye ua."

Mwalimu akaja upande wake wa minyaa, akakohoa kuonyesha kwamba amefika. Swaumu akamweleza hesabu yake, mwezi kwa mwezi. Mwalimu akasikika akinong'ona majina ya miezi, na alipomaliza akayaanza tena.

"Bi Swaumu," akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekamatwa. "Kalenda ile ni ya miezi ya kizungu. Ina siku thelathini na moja, thelathini na moja. Eda ni kwa miezi ya kuandama, yenye siku ishirini na tisa au thelathini. Eda yako imekwisha jana."

"Jana?"

"Jana. Na mimi mwenyewe niliisoma ile tarehe ukutani kwenu, nikaitangaza msikitini bila kuhesabu. Mnisamehe. Kazi hii ndiyo niliyosomea."

Yaani mwanamke amekaa miezi minne anaisubiri siku, na siku yenyewe imempita jana akiwa anafua mataulo. Swaumu hakujua acheke au alie. Mwaka mwingine angeutazama mwezi mwenyewe, maana kwao Kondoa wanawake ndio wanaouona kwanza, lakini tangu Halfani afe hakuwa ameinua uso juu hata mara moja.

Jua lilikuwa limeshapinduka. Na sasa woga mwingine ukamshika. Mtaa mzima ulijua ni tarehe ishirini. Ndugu wangekuja tarehe ishirini. Mjane anayetoka ndani siku nne kabla, peke yake, bila dua, akielekea Majengo kutazama video: Nkuhungu ingelitafuna neno hilo mpaka Ramadhani na kulimeza baada ya Idi. Na Lulu yuko kazini, hakuna wa kumuuliza.

"Watu watasema nini?" akamwuliza Zaitun, aliyekuwa ameshazunguka na kuingia kwa mlango wa uani.

"Vaa," Zaitun akasema.

Swaumu akaoga josho lake, akaswali rakaa mbili na alasiri yake, akavaa baibui lililokaa kwenye sanduku tangu mwezi wa saba likinuka dawa ya nondo. Kizingitini alisimama kidogo. Kisha akavuka.

Walitembea kwa miguu, Zaitun mbele, na hapo ndipo mdomo wa Zaitun ulipofanya kazi yake kubwa maishani. Kila mlango uliokuwa na mtu, kila kisima, kila genge, alitangaza kabla hajaulizwa: "Imekwisha jana. Tulihesabu kizungu. Mwalimu amethibitisha." Wengine wakasema alhamdulillahi. Mmoja akaanza kuhesabu kwa vidole palepale barabarani. Swaumu alifuata nyuma, macho chini, kwa hatua fupi, kwa sababu miezi minne mguu wake haukuwa umekwenda mbali zaidi ya choo. Njia nzima alikuwa na ombi moja tu, nalo halikuhusu watu watakavyosema. Alikuwa anaomba wasiwe wamefunga.

Hawakuwa wamefunga. Chumba kilikuwa kile kilichokuwa zamani duka la ushirika, ambako Swaumu aliwahi kupanga foleni ya sukari tangu alfajiri mpaka adhuhuri akapata robo kilo. Sasa kuta zilikuwa zimepakwa chokaa nyeupe, na madirisha yamezibwa kwa kaniki. Ndani kulijaa. Vijana wa chuo walikuwa wamesimama ukutani, na wachukuzi wamekaa chini mistari mitatu. Mbele kabisa palikuwa na televisheni juu ya meza, na chini yake Rukaya amekaa kitako sakafuni, gunia tupu mapajani, shazia mkononi. Alipomwona Swaumu mlangoni mkono wake ulisita, kisha akaendelea kushona, kwa sababu kanda ilikuwa imeshaanza kwenda.

Mishono yake ilikuwa ya kutia huruma. Swaumu aliona hilo kwanza, kwani macho hayakuthubutu kupanda juu ya meza. Ila masikio hayana pa kujificha.

"Wewe, Bartolomayo, gunia hili umeshindilia au umelala juu yake?"

Sauti ilikuwa nyembamba kuliko alivyodhani, na mwanzoni mwa kila neno ilikwaruza kidogo. Ndiyo yenyewe. Swaumu alishika mkono wa Zaitun akaubana, na Zaitun, ambaye aliumia, hakuutoa. Akainua macho. Pale alikuwapo Halfani, amechuchumaa mbele ya gunia la alizeti, anapitisha shazia huku na huku bila kuitazama, kofia yake imekaa upande. Na alikuwa anacheka. Uzi uliokuwa ukienda ukirudi mikononi mwake ulikuwa wa Swaumu.

Furaha ilimjaa, na nyuma yake ukaja wivu, na niseme kweli, ulikuwa wivu mkali. Maneno yalimtoka mtu huyu bila kukoma. Alimtania huyu, akamwiga yule, akauliza habari za mtoto wa mwingine aliyekuwa na surua. Miaka thelathini na mmoja yeye amepewa "Nimerudi" kwenye sahani, na kumbe karamu yote ilikuwa inaliwa huku na wachukuzi. Alitamani kumgombeza. Alitamani pia asinyamaze.

"Sasa sikilizeni," Halfani akasema kwenye kanda, na wachukuzi waliokaa sakafuni wakajisogeza kana kwamba hawajawahi kuisikia. "Kule Kondoa alikuwapo msichana mmoja. Ana maneno huyo, akianza asubuhi hata ndege wanampisha. Wakaja watu wa mjini kumposa. Siku ya harusi imefika, shehe ameketi, ubwabwa umeiva, bibi harusi hayupo."

Hadithi hii hakuna aliyeijua mjini. Kwao waliifunika, mama yake aliizika hata kabla ya kuzikwa mwenyewe, na Halfani hakuwahi kuitaja hata siku moja, si kwa hasira wala kwa mzaha. Swaumu alikuwa amejiambia miaka yote kwamba ilimwaibisha mno kuisema.

Kwenye kanda Halfani hakuwa na aibu yoyote. Alimwiga mama mkwe akichungulia chini ya kitanda, akamwiga mjomba akiita ndani ya kisima, akawaiga mashangazi wakilaumiana. Wachukuzi wa kwenye kanda wakacheka, na wachukuzi wa chumbani wakacheka pamoja nao. "Na bwana harusi amekaa pale," akasema, "jasho limeloanisha kanzu, watu wanamtazama kwa huruma kama maiti. Mwisho akasimama. Akaingia peke yake kwenye chumba cha nafaka. Kufika mle ndani..."

Honi ya lori ikalia. Halfani akafunga fundo, akauma uzi kwa jino la pembeni, akasimama akijishika kiuno. "Nitawamalizia kesho," akasema. Wenzake wakalalamika, yeye akatoka kwenye picha akicheka, na kioo kikajaa chenga.

Chini ya meza Rukaya naye akafunga fundo, akauma uzi wake. Mchukuzi mwenye mvi, mpana wa mabega, ambaye Swaumu alimtambua kutoka kwenye kanda kwamba ndiye Bartolomayo, akapiga paja. "Hiyo kesho yake tumeingoja miaka kumi," akasema. "Kila tukimuuliza, kesho. Sasa ameondoka nayo."

"Alipiga chafya," Swaumu akasema.

Watu wote wakageuka. Wanafunzi wakadhani ni sehemu ya maonyesho, wakatulia kusubiri. Rukaya hakuwaambia kwamba sivyo. Alisogeza gunia, akaacha nafasi mbele ya televisheni. Swaumu hakuiendea. Alibaki pale mlangoni, mkono wa Zaitun mkononi.

"Nani alipiga chafya, mama?" Bartolomayo akauliza kwa heshima.

"Msichana. Alikuwa ndani ya kihenge cha mtama, amejifunika ungo. Lile vumbi la mtama unalijua." "Ilikuwa mimi."

Bartolomayo aliivua kofia yake, akaishika.

"Nikajua nimekwisha. Nikangoja aite watu. Hakuita. Nikamsikia anakaa chini, anaegemea kihenge. Nje wananipigia kelele, mama analia, na yeye yuko pale anapumua tu. Nikanyamaza. Mimi, nikanyamaza." Hapo Zaitun alitikisa kichwa kwa kutoamini. "Mwisho nikashindwa. Nikauliza humo humo ndani, wewe nani? Akasema, Halfani. Nikamwambia, basi mimi siendi. Kwenu mjini maji ya chumvi, na sina mtu, hapa nina dada zangu, huko nitazungumza na nani?"

Maneno yaliyofuata hakuwa ameyakumbuka miaka mingi, labda tangu siku ile, na sasa alikuwa anayaona yanakuja, yote, pamoja na sauti ya Halfani, nyembamba, yenye mkwaruzo. Machozi yakamtiririka na hakuyafuta.

"Akasema, utazungumza na mimi. Mimi nitasikiliza."

Deki iliendelea kuzungusha kanda tupu, na Rukaya hakunyoosha mkono kuizima.

"Basi nikatoka," Swaumu akasema.